Vuli ya Woking na Darsa ya Watoto Wetu

Wapo wazazi wadhanio kuwa elimu ya mtoto humalizika penye mlango wa chuo na mlango wa skuli, na kwamba kilichobaki nje ya milango hiyo miwili ni mchezo tu. Wazee wetu wa zamani hawakuwa na dhana hiyo. Mtoto wa pwani alikuwa akimfuata babake shamba, akajua karafuu huchumwa lini; akimfuata ami yake ufukoni, akajua bamvua na maji mafu; na mwezi ukikaribia kuandama alipandishwa darini autazame kwa macho yake. Hapana aliyeyaita mambo hayo somo, lakini yalikuwa somo, na aliyeyapata hakuyasahau.

Leo jamaa zetu wengi wamehamia nchi za baridi. Wako London na miji mingine ya Uingereza, na watoto wao wamezaliwa huko. Shamba hakuna, ufuko u mbali, na baridi ianzapo kuingia mwezi wa Septemba milango hufungwa. Mtoto hutoka skuli akaingia chumbani, akapewa simu aichezee, na hali huwa hiyo mpaka mwezi wa Aprili. Mzazi hafanyi hivyo kwa ubaya. Amechoka na kazi za zamu. Anachelea mtoto asishikwe na kifua. Na msitu wa ugenini haujui. Hajui tunda lipi ni chakula na lipi ni sumu, wala hana yakini kama wenyeji watapendezwa kumwona hapo na buibui lake na kapu lake la maandazi. Basi katika makala haya twataka kumchukua msomaji mpaka mahali pamoja, tumwonyeshe ni elimu kiasi gani iliyolala chini ya miti katika majira yale yale ambayo sisi twayakimbia.

Mahali penyewe ni Woking, mji wa jimbo la Surrey, kiasi cha maili 25 kusini-magharibi ya London. Gari-moshi litokalo stesheni ya Waterloo hufika huko kwa muda wa nusu saa hivi. Mwislamu ana sababu yake ya kuujua mji huu, kwani hapo ndipo ulipojengwa, mwaka 1889, msikiti wa kwanza wa Uingereza ambao tangu msingi wake ulikusudiwa kuwa msikiti. Aliyeisimamia kazi hiyo ni Gottlieb Wilhelm Leitner, mwanachuoni wa lugha za Mashariki, na fedha nyingi zilitoka kwa Begum Shah Jahan aliyekuwa akitawala Bhopal katika Bara Hindi. Kwa ajili hiyo msikiti ukapewa jina lake. Ni msikiti mdogo, wenye kuba la kijani na kuta nyeupe, na umesimama karibu na njia ya reli kati ya misonobari mirefu. Tulifika hapo siku ya Jumamosi ya mwezi wa Oktoba, sisi na watoto wetu, tukasali rakaa mbili za kuamkia msikiti, kisha tukashika njia kwa miguu kuelekea nyika ya Horsell Common.

Nyika hii ni ardhi ya mchanga isiyofaa sana kwa kilimo, na kwa hivyo imesalimika na majembe. Juu yake kumeota misonobari, mialoni, mibetula yenye magome meupe, makangaga, na vichaka vifupi ambavyo mwisho wa kiangazi huivika nchi nzima rangi ya zambarau. Vijana wasomao hadithi za Kiingereza huenda wakalijua jina la Horsell, kwa kuwa H. G. Wells, aliyepata kukaa Woking, aliliweka katika kitabu chake cha mwaka 1898 juu ya viumbe wa sayari ya Mars: ndipo mahali chombo chao cha kwanza kilipoanguka. Watoto wetu waliposikia hayo walitazama mashimo ya mchanga kwa hadhari kubwa.

Lakini kwetu sisi iko sababu nyingine. Pembeni mwa nyika hiyo pana ua wa matofali wenye lango la kuba. Ua huo ulijengwa katika miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, ukamalizika mwaka 1917, uwe makaburi ya askari Waislamu wa jeshi la Bara Hindi waliokufa katika hospitali za Uingereza kwa majeraha ya vita vya Ufaransa. Wajerumani walikuwa wakieneza habari kuwa Waislamu wafao huko hawazikwi kwa sheria ya dini yao, na serikali ya Kiingereza ikaona haja ya kuwapatia mahali pa heshima karibu na msikiti. Baadaye makaburi hayo yaliharibiwa na wahuni, na mwisho wa miaka ya sitini maiti zikahamishiwa katika makaburi makubwa ya Brookwood, si mbali na hapo. Ua ulikaa mahame miaka mingi. Mwaka 2015 ulifunguliwa upya kuwa bustani ya amani, na ndani yake ikapandwa mibetula 27 ya milima ya Himalaya, kila mti kwa askari mmoja.

Twaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inajibu lile swali la mzazi aulizaye kama msitu ule ni wake. Tulipowaambia watoto kuwa kila mti ni mtu, hawakukimbia tena. Walizihesabu shina moja moja, wakafika 27. Majani yalikuwa ya njano, mengine yameanguka juu ya nyasi, mengine yangali juu yakitikiswa na upepo. Mmoja akauliza, “Baba, mbona yanaanguka? Miti inakufa?” Hapo ndipo darsa ya siku ile ilipoanzia.

Kwanza ni jina. Kamusi zetu hulitia neno vuli penye majira haya ya kupukutika majani, na Waarabu huyaita kharifu. Lakini mtoto asemaye na bibi yake wa Unguja kwa simu mwezi wa Oktoba humsikia bibi akisema kuwa vuli imekaribia, naye akikusudia mvua. Na mvua hiyo inaponyesha, nchi ya huko huchipua ukijani mpya. Miezi ni ile ile, jina ni lile lile, na kazi ni kinyume: huku jani laanguka, kule jani lachipua. Mzazi asilione jambo hili kuwa ni dosari ya lugha. Ni mlango wa somo.

Pili ni jibu lenyewe. Mti haufi. Jani ni jiko la mti: kwa mwanga wa jua na kwa ile rangi yake ya kijani hupika chakula kutokana na maji na hewa. Siku zifupikapo na baridi iingiapo, jiko halina tena faida, na lina hasara, kwani majani hupoteza maji na ardhi iliyoganda haitoi maji ya kuyalipa. Basi mti huvunjavunja ile rangi ya kijani, huvuta kilicho cha thamani ukakihifadhi matawini na shinani, kisha hujenga kizibo kidogo penye kikonyo, na jani hukatika. Rangi ya njano tuionayo haikuletwa na baridi. Ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani. Bali ile nyekundu ya baadhi ya miti hutengenezwa upya katika majira hayo.

Nasi tukawakumbusha watoto kuwa jambo hili si geni kwetu. Mbuyu wa Mombasa hukaa uchi wakati wa ukame kwa sababu hiyo hiyo ya kuhifadhi maji. Na mkungu, ule tuketio kivulini mwake na kuvunja kungu zake kwa mawe, majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka, hata mgeni akadhani yamepakwa rangi. Kumbe mti wa baridi na mti wa jua wanafuata hekima moja: kikipungua kinachohitajiwa, punguza matumizi. Na Mwislamu aliyesoma Sura ya An'am amekwisha kujua kuwa kuanguka kwa jani moja si jambo dogo lisilo mwenye kulijua.

Kutoka hapo tuliingia ndani ya msitu. Huko watoto walijifunza somo ambalo kila mzazi wa Kiislamu atalipenda, yaani kupambanua. Iko miti miwili ambayo Waingereza huiita kwa jina moja la chesnati. Mmoja ni chesnati tamu, na kokwa zake huliwa. Huchomwa juu ya makaa kama tuchomavyo korosho. Mwingine ni chesnati ya farasi, na kokwa zake ni sumu kwa mtu. Zote mbili ni za hudhurungi, zote zang'aa, na zote zimevaa ganda la miiba. Atazamaye upesi hataona tofauti. Lakini atulizaye macho huona kuwa ganda la ile tamu lina miiba mingi myembamba iliyosongamana kama ya nungunungu, na la ile ya farasi lina miiba michache, mifupi na minene. Kokwa tamu ina ncha kama kishungi. Ile nyingine ni ya mviringo. Jani la tamu ni moja refu lenye meno pembeni. Jani la pili limegawanyika vipande vitano mpaka saba kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Tuliwapa watoto kanuni moja tu: usitie kitu kinywani mpaka mtu mzima akitambue kwa alama tatu, na kama ipo shaka, kiache.

Kanuni hiyo ni kali zaidi juu ya uyoga. Chini ya mibetula mara nyingi utauona uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe, mzuri kama pambo la kanga. Una sumu. Na wako wengine wasio na rangi ya kutisha ambao huua kabisa. Kwa hivyo uyoga ni wa kutazamwa na kuchorwa, si wa kuchumwa. Lakini usimfukuze mtoto bila ya kumwambia ajabu yake: tuuonao juu ya ardhi ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizotandazwa chini ya udongo, nazo hushikamana na mizizi ya mbetula. Uyoga huuletea mti maji na madini, na mti huulipa uyoga kwa sukari. Watoto walielewa mara moja, wakasema ni kama majirani wapelekeanao sahani wakati wa futari.

Wanyama nao wana kazi katika majira haya. Tulimwona kindi wa kijivu akizika matunda ya mwaloni, moja hapa na moja pale. Kindi huyu si mwenyeji; aliletwa kutoka Marekani katika karne ya 19, na tangu hapo amemwondosha kindi mwekundu wa asili katika sehemu nyingi za Uingereza. Yuko pia ndege wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya ya buluu ubavuni mwa bawa, aitwaye jay, ambaye huzika matunda hayo kwa maelfu. Ayakumbukayo huyala wakati wa baridi, ayasahauyo huota. Mialoni mingi imepandwa na ndege huyu.

Na mbingu pia zina msafara. Mbayuwayu wa Uingereza, ndege ambaye uzito wake hauzidi gramu 25, huondoka Septemba na Oktoba, akavuka jangwa la Sahara, akapita misitu ya Kongo, akafika Afrika ya Kusini, mwendo wa maili 6,000 hivi. Mbayuwayu wa jamii hiyo hiyo watokao nchi nyingine za kaskazini huonekana Afrika ya Mashariki miezi ile ile. Mtoto amwambie bibi yake awatazame juu ya nyaya za umeme, na bibi amwambie mjukuu siku aliyowaona. Hiyo ni barua isiyohitaji stempu.

Jua likapanda hata adhuhuri, na hapo tulifanya jambo rahisi kuliko yote. Tulisimamisha kijiti cha urefu wa futi moja penye mchanga, tukapima kivuli chake kila baada ya dakika chache mpaka kikakoma kupungua. Mwishoni mwa Oktoba, kivuli hicho cha katikati ya mchana huko Woking ni kiasi cha futi mbili, maradufu ya kijiti. Kisha tukawaeleza kuwa kwa Unguja, karibu na tarehe 9 ya mwezi huo huo, jua hupita utosini, na kijiti hicho hukosa kivuli kabisa. Kijiti ni kimoja, jua ni moja, na vivuli ni mbalimbali. Kwa nini? Kwa sababu dunia ni mviringo, nayo imeinama kwa nyuzi 23 na nusu. Tuliporudi nyumbani tulilihakikisha jambo hilo kwa chungwa, kijiti na taa. Na mtoto aliyepima kivuli ameelewa bila ya taabu wakati wa Alasiri katika madhehebu ya Shafi: ni pale kivuli cha kitu kinapofikia urefu wake, juu ya kile kivuli kilichokuwako adhuhuri.

Katika mwezi huo huo nyakati za sala hukimbia. Tarehe 1 Oktoba jua huchwa London kiasi cha saa kumi na mbili na dakika 38. Tarehe 31 huchwa saa kumi na dakika 34. Saa moja katika tofauti hiyo ni ya saa za ukutani kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini saa nzima nyingine imepunguzwa na mwenendo wa dunia. Kwetu pwani, tofauti ya Maghribi katika mwaka mzima haifiki saa moja. Mpe mtoto daftari aandike Maghribi ya kila siku kwa mwezi mmoja, achore mstari, na ataona kwa kalamu yake mwenyewe jinsi siku inavyofupika.

Kisha kibla. Watu wa pwani ya Unguja na Mombasa hulitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini, wala hawakosei, kwani Makka iko karibu sawasawa upande wao wa kaskazini. Woking kibla ni kusini-mashariki. Watoto waliposikia hayo, mmoja alisimama upande huu na mwingine upande ule, wakaelekezana, wakafahamu kwamba walimwengu husali kwa duara lenye kitovu kimoja. Tulitandika miswala juu ya majani makavu, tukasali Adhuhuri, na wapitao njia na mbwa wao walitupa salamu wakaenda zao.

Sasa tuseme machache ya kumfaa mzazi atakaye kwenda. Mavazi ni nusu ya safari: buti za mpira, soksi ndefu zilizofunika suruali, kwani makangaga yana kupe waletao maradhi, na nguo mbili nyembamba chini ya koti la mvua ni bora kuliko moja nzito. Jioni mkague mtoto mwili. Chukua chupa ya chai ya tangawizi, sambusa, maandazi na maji ya kutawadhia. Toka asubuhi, maana saa kumi giza li njiani. Usimpeleke mtoto mdogo kwa zaidi ya saa mbili au tatu.

Kazi za watoto zipimwe kwa umri. Aliye chini ya miaka mitano na aokote majani, ayapange kwa rangi, kutoka kijani mpaka hudhurungi. Wa miaka sita hata minane aweke karatasi juu ya jani, apitishe kalamu ya rangi, na mishipa ya jani itajichora. Mkubwa wao apime shina la mti kwa kamba, aandike jina lake kwa Kiingereza, na amwulize mzazi kwa Kiswahili. Na mzazi asikose jibu la kumpa: mwaloni, msonobari, kangaga, kindi, mbayuwayu, gome, kikonyo, kokwa. Lugha hufa upesi mahali ambapo haina vitu vya kutaja. Mtoto ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni tu, ataona kuwa ulimwengu wa nje ni wa lugha nyingine.

Adabu ya mahali nayo ifuatwe. Usivunje tawi, usiache taka, usichukue zaidi ya vipande vichache vya kusomea, kwani hicho ni chakula cha viumbe wengine. Soma ubao wa mlangoni, kwa kuwa kila mahali pana sheria yake; katika bustani za kifalme za London, kama Richmond Park, hairuhusiwi kuokota matunda wala uyoga. Na huko mwezi wa Oktoba mapaa dume hupigana, basi ukae mbali nao mita 50 kwa uchache.

Mwisho, wapi hayatuzuii, twashauri kila nyumba iokote matunda matatu ya mwaloni. Yatieni ndani ya bakuli la maji: lieleleo halina kitu ndani, tupeni, lizamalo ni zima. Lipandeni katika kopo la udongo, mlifunike kwa waya panya na kindi wasilifukue, mliache nje baridi ilipige. Mzizi hutangulia kushuka, na machipukizi hutokeza jua lirudipo. Mwaloni huchukua kiasi cha miaka 40 kabla ya kuzaa matunda mengi, kisha ukaishi karne nyingi. Huenda sisi tupandao tusikikalie kivuli chake. Lakini watoto wetu watakuwa watu wazima, na katika nchi ile watakuwa na mti walioupanda kwa mikono yao, na wenye kula matunda yake, ndege na wanyama, watakuwa sadaka yetu iendeleayo, Inshaallah.